Christopher Sholes: Mhariri wa gazeti aliyezipanga herufi za kibodi, kisha akataka kuzipanga upya

Siku hizi wapo watu wasiopenda kununua kibodi iliyokwisha kutengenezwa kiwandani. Wananunua bodi ya saketi peke yake, swichi peke yake na vifuniko vya vitufe peke yake. Wanalehemu, wanafunga skrubu, kisha wanakaa mbele ya kompyuta na kuiandalia kibodi yao programu dhibiti, yaani ile programu ndogo inayokaa ndani ya chipu ya kibodi na kukipa kila kitufe kazi yake. Hapo mtu ana uhuru wote. Akitaka A ikae palipo na J, anaiweka. Lakini anapofungua faili la mpangilio kwa mara ya kwanza, anachokikuta juu kushoto ni kile kile kilichopo kwenye simu yako na kwenye kompyuta ya ofisini kwako: Q, W, E, R, T, Y.

Mpangilio huo umetoka Milwaukee, mji ulio kando ya Ziwa Michigan nchini Marekani, kati ya miaka ya 1867 na 1878. Mtu aliyeuhangaikia kuliko wengine wote aliitwa Christopher Latham Sholes. Hakuwa mhandisi. Alikuwa mchapishaji, mhariri wa gazeti na mwanasiasa wa jimbo. Wapo wanaomsema kwamba alizitawanya herufi makusudi ili watu wachape polepole. Ukiyafuatilia maisha yake utaona madai hayo hayamtendei haki, maana mzee huyu aliingia kaburini akiwa bado anatafuta mpangilio mwingine.

Mwanagenzi wa Danville

Sholes alizaliwa tarehe 14 Februari 1819 huko Mooresburg, Pennsylvania. Akiwa kijana mdogo alipelekwa kujifunza kazi ya uchapaji katika mji jirani wa Danville.

Uchapaji wa wakati ule ulikuwa kazi ya vidole. Mpangaji alisimama mbele ya kasha la mbao lenye vyumba vidogo vidogo, kila chumba kimejaa herufi za risasi, akawa anaokota moja moja na kuzipanga kinyumenyume mpaka mstari ujae. Vyumba vile havikufuata alfabeti. Herufi inayotumika sana ilipewa chumba kikubwa karibu na mkono, na ile ya nadra ikasukumwa pembeni. Kwa hiyo miaka mingi kabla ya kufikiria mashine yoyote, mikono ya Sholes ilikwisha kuzoea jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii: herufi inaweza kukaa mahali kwa sababu ya kazi yake, si kwa sababu A hutangulia B.

Mwaka 1837, akiwa na miaka 18, alihamia Wisconsin, ambayo wakati huo haijawa jimbo kamili. Kaka yake alikuwa huko katika biashara ya magazeti, naye akaingia humo humo. Alifanya kazi Green Bay na Madison, akaoa mwaka 1841, na baadaye akaanzisha gazeti katika mji wa Southport, ambao mwaka 1850 ulibadilishwa jina ukawa Kenosha. Yeye na mkewe, Mary Jane, walipata watoto kumi. Idadi hiyo iweke akilini, maana inasaidia kueleza uamuzi mmoja wa fedha alioufanya baadaye.

Mti wa Kenosha

Kabla hatujafika kwenye mashine, kuna sura moja ya maisha yake ambayo vitabu vya teknolojia huipita kwa mstari mmoja. Mimi nadhani ndiyo kazi yake kubwa zaidi.

Wisconsin ilipopata hadhi ya jimbo mwaka 1848, Sholes aliingia katika Seneti ya jimbo. Miaka mitatu baadaye, mjini kwake Kenosha, mhamiaji kutoka Ireland aitwaye John McCaffary alipatikana na hatia ya kumuua mke wake kwa kumzamisha majini. Tarehe 21 Agosti 1851 alinyongwa hadharani, kwenye mti, mbele ya umati wa watu kati ya elfu mbili na elfu tatu. Hakufa upesi. Alining'inia akipigania pumzi kwa takriban dakika ishirini, na watu wanaangalia.

Gazeti la Sholes lilikuwa limeifuatilia kesi hiyo, na baada ya siku ile mhariri wake hakunyamaza. Alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo kwa tiketi ya Free Soil, chama kilichopinga utumwa kuenezwa katika maeneo mapya, na humo akawa mmoja wa walioongoza kampeni ya kufuta adhabu ya kifo. Sheria ilipita na kutiwa saini mwaka 1853. Tangu hapo Wisconsin haijamnyonga mtu mwingine. McCaffary ndiye wa kwanza na wa mwisho kuuawa na jimbo hilo.

Sisi tunaofanya kazi za habari huwa tunaulizwa kama maneno yetu hubadilisha chochote. Huyu hapa ni mhariri wa mji mdogo ambaye jibu lake liliandikwa kwenye kitabu cha sheria.

Baadaye alirudi Seneti, safari hii akiwa Republican, akahamia Milwaukee, akawa mhariri huko, akawa mkuu wa posta, na wakati wa urais wa Abraham Lincoln akateuliwa kuwa msimamizi wa forodha katika bandari ya mji huo. Bandari ya ziwani haikumchosha sana. Alikuwa na muda wa kutosha wa kukaa karakana.

Herufi moja tu: W

Karakana yenyewe ilikuwa ya mtu aitwaye Kleinsteuber, na ilikuwa kijiwe cha wenye mawazo mengi na fedha kidogo. Sholes na mchapaji mwenzake, Samuel Soule, walikuwa wakitengeneza mashine ya kupiga namba kwenye kurasa na tiketi. Walipata hataza, yaani hati ya kumlinda mvumbuzi, mwezi Novemba 1866. Pale pale karakana alikuwepo mwanasheria aitwaye Carlos Glidden, ambaye alikuwa anahangaika na jembe la mashine. Glidden alipoitazama ile kazi akauliza kwa nini mashine inayopiga namba isipige herufi na maneno.

Mwaka uliofuata, 1867, jarida la Scientific American lilieleza mashine ya kuandikia iliyobuniwa na John Pratt, Mmarekani wa Alabama. Sholes aliisoma habari hiyo akaona inaweza kufanywa kwa njia nyepesi zaidi.

Jaribio lake la kwanza lingemfaa hata mwanafunzi wa sekondari. Alichukua swichi ya telegrafu, ile inayogongwa kwa kidole kutuma alama za Morse, akaifanya irushe kijimkono chenye herufi moja, W, kwenye karatasi iliyowekwa pamoja na karatasi ya kaboni. Kaboni yenyewe aliiomba kwa rafiki yake Charles Weller, aliyekuwa anafanya kazi katika ofisi ya telegrafu. Ukigonga mara moja unapata W. Ukigonga tena unapata W nyingine. Haikuwa na faida yoyote zaidi ya kuthibitisha kwamba pigo moja la kidole linaweza kuacha herufi safi, na kwa mtu aliyetumia ujana wake kuokota risasi moja moja, hilo lilitosha.

Wakashirikiana watatu, Sholes, Glidden na Soule, pamoja na fundi wa saa Matthias Schwalbach aliyewatengenezea vyuma. Tarehe 23 Juni 1868 wakapata hataza. Mashine ya mwanzo ilikuwa na vitufe kama vya piano, vyeupe na vyeusi, katika safu mbili, na herufi zake zilifuata alfabeti: A hadi M safu moja, N hadi Z safu nyingine. Naomba msomaji uikumbuke safu hiyo, tutakutana nayo tena mahali usipoitegemea.

Mtu wa kelele na mtu wa kuvunja

Kama angebaki peke yake, huenda Sholes angeishia hapo. Alikuwa mpole, mwenye afya dhaifu na mwepesi wa kukata tamaa. Aliyemsukuma ni James Densmore, mwanahabari na mfanyabiashara waliyefahamiana zamani, mtu wa sauti kubwa na maneno makali. Densmore alipokea barua iliyochapwa kwa mashine ile, akavutiwa, na akanunua robo ya hisa kwa kulipa dola 600 za gharama zilizokwisha kutumika. Mashine yenyewe alikuwa hajaiona. Alipofika Milwaukee kuitazama mwaka 1868, alisema wazi kwamba haifai kwa lolote isipokuwa kuonyesha kwamba wazo linawezekana.

Soule na Glidden walichoka, wakajiondoa mmoja baada ya mwingine. Sholes akabaki na Densmore. Mashine ziliendelea kutengenezwa, na kila moja ilipelekwa kwa watu wanaoandika kwa riziki yao. Mmoja wao alikuwa James Clephane wa Washington, mwandishi wa hatimkato. Clephane alizitumia bila huruma mpaka zinavunjika, kisha anaandika orodha ya kasoro na kuirudisha Milwaukee. Sholes alichukia. Densmore akamwambia ukweli ambao fundi yeyote anaujua hata kama haupendi, kwamba kasoro ni bora zionekane kabla mashine haijafika sokoni.

Katika miaka hii ya kuvunja na kuunda upya ndipo herufi zilipohama. Funguo za piano zikawa vitufe vya mviringo katika safu nne. Irabu zikapanda juu. Alfabeti ikavurugwa, ingawa haikufutika yote: angalia safu ya kati ya kibodi yako, D, F, G, H, J, K, L. Hayo ni mabaki ya A-B-C ya mwaka 1868, yamekatwa irabu yakaachwa hapo hapo.

Kwa nini hasa zilihamishwa? Maelezo yaliyoenea ni ya kifundi. Ndani ya mashine kulikuwa na vijimkono vya chuma vilivyopangwa kwa mviringo kama mbavu za kikapu. Ukibonyeza kitufe, kijimkono kinaruka juu, kinapiga karatasi, kisha kinaanguka kwa uzito wake. Vijimkono viwili vilivyo jirani vikirushwa kwa kufuatana haraka, vinagongana na kukwama. Dawa ni kuzitenga herufi zinazofuatana mara nyingi katika Kiingereza. Ukiyakubali maelezo haya, lengo lilikuwa mashine isikwame ili mchapaji aende kasi, kinyume kabisa cha kumchelewesha.

Lakini E na R, ambazo hufuatana mara nyingi mno katika Kiingereza, zimekaa bega kwa bega. Watafiti wawili wa Japani, Koichi Yasuoka na Motoko Yasuoka, waliandika mwaka 2011 kwamba tuwatazame zaidi watu wa telegrafu, waliokuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo wa mashine hizi. Mpokeaji wa telegrafu alichapa kile anachosikia. Katika Morse ya Marekani ya wakati ule, Z ilikuwa nukta tatu, kituo kifupi, kisha nukta moja. S ni nukta tatu. E ni nukta moja. Kwa hiyo sikioni Z na SE zilikaribiana, na mpokeaji alihitaji herufi hizo tatu zikae karibu ili achague upesi anaposikia kinachofuata. Tazama kibodi: Z, S na E zimepangana mshazari, mkono wa kushoto.

Binafsi naona maelezo yote mawili yana nafasi. Mpangilio uliobadilishwa kwa miaka mitano, kwa malalamiko ya watu tofauti, hauwezi kuwa na sababu moja.

Kiwanda cha bunduki

Tarehe 1 Machi 1873 Densmore na mshirika wake George Yost walitia saini mkataba na E. Remington and Sons wa Ilion, New York, watengenezaji wa bunduki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha tangu 1865, na kampuni hiyo ilikuwa inatafuta vitu vingine vya kutengeneza. Tayari ilikuwa na cherehani. Ndiyo maana taipureta ya kwanza iliyotoka mwaka 1874 ilifanana na cherehani: meza ya chuma, maua yamechorwa ubavuni, na pedali ya mguu ya kurudishia karatasi mwanzo wa mstari.

Ilikuwa na kasoro za kutosha. Ilichapa herufi kubwa tu. Haikuwa na kitufe cha 1, mchapaji alitumia herufi I, wala cha sifuri, alitumia O. Na kwa kuwa vijimkono vilipiga kutoka chini, mchapaji hakuona anachoandika mpaka mistari kadhaa ipite. Bei yake ilikuwa dola 125, fedha nyingi kwa wakati ule. Mwandishi Mark Twain alinunua moja mwaka huo huo wa 1874, lakini wateja wa aina yake hawakuwa wengi, na kwa miaka kadhaa biashara ilikwenda kwa kusuasua.

Hapa ndipo linapokuja suala la fedha. Sholes aliuza haki zake. Kiasi kinachotajwa mara nyingi ni dola 12,000. Densmore alichagua kungoja malipo ya kila mashine inayouzwa, na inasimuliwa kwamba alitajirika sana. Ni rahisi kumcheka Sholes leo. Lakini mtu mgonjwa, mwenye familia ya watoto kumi, aliyetumia miaka sita kwenye mashine ambayo wanunuzi wanaikwepa, akiletewa fedha taslimu mezani atafanya nini? Wengi wetu tungezichukua, na usiku huo tungelala vizuri.

Mafundi wa Remington walizigusa gusa herufi nao, na hataza ya Sholes ya mwaka 1878 inaonyesha safu ya juu kama tunavyoijua, Q-W-E-R-T-Y-U-I-O-P. Safu za chini zilikuwa bado na tofauti: M ilikaa kando ya L, na C na X zilikuwa zimebadilishana nafasi. Mwaka huo huo ilitoka Remington nambari 2, yenye kitufe cha Shift. Kijimkono kimoja kilibeba herufi mbili, kubwa na ndogo, na Shift ndiyo iliyochagua ipi ipige. Hapo mashine ikaanza kuuzika.

Wanawake ofisini

Kuna picha ya mwaka 1872 inayomwonyesha Lillian, binti yake Sholes, amekaa mbele ya moja ya mashine za majaribio. Wapo wanaomwita mchapaji wa kwanza mwanamke. Kilicho hakika ni kwamba katika miaka iliyofuata taipureta iliwafungulia wanawake wengi wa Marekani mlango wa ofisi, sehemu iliyokuwa ya makarani wanaume. Sholes aliliona hilo akiwa hai, na katika uzee wake lilimfariji kuliko sifa za uvumbuzi. Hata huku kwetu, katibu muhtasi na mashine yake walikuwa sura ya ofisi ya serikali kwa miaka mingi. Mshahara ule ulisomesha watoto wengi.

Tukio lililouimarisha mpangilio wake halikumhusu yeye moja kwa moja. Mwezi Julai 1888, mjini Cincinnati, mwandishi wa hatimkato wa mahakama aitwaye Frank McGurrin alishindana na Louis Traub kuchapa kwa kasi. Traub alitumia mashine ya Caligraph, yenye vitufe tofauti vya herufi kubwa na ndogo. McGurrin alitumia Remington, na alikuwa amekariri nafasi za herufi, anachapa kwa vidole vyote bila kuangalia vitufe. Alishinda waziwazi. Wenye shule za uchapaji wakaona njia ya kufundisha. Tangu hapo herufi hazikuwa tena kwenye chuma peke yake, zilihamia kwenye vidole vya wanafunzi, na vidole vilivyofundishwa havibadilishwi kwa bisibisi.

Hataza ya mwisho

Sholes aliugua kifua kikuu kwa miaka tisa. Hata hivyo hakuacha kubuni. Alikuwa amekwisha kuuza haki za mashine ya mwanzo, hakuna aliyemdai chochote, angeweza kupumzika. Badala yake aliendelea kuchora mashine mpya, na mwaka 1889 aliwasilisha maombi ya hataza ya taipureta yenye mpangilio wa herufi tofauti kabisa na ule wa QWERTY.

Alifariki Milwaukee tarehe 17 Februari 1890, siku tatu baada ya kutimiza miaka 71, akazikwa katika makaburi ya Forest Home. Hataza ya mpangilio mpya ilitolewa mwaka 1896, miaka sita baada ya mazishi. Ilikuta mambo yamekwisha. Mwaka 1893 kampuni kubwa za taipureta zilikuwa zimeungana katika Union Typewriter, na QWERTY ikawa ndiyo kawaida ya soko. Mpangilio wake mpya haukupata kiwanda.

Katika miaka ya 1930 August Dvorak, profesa wa Seattle, alijaribu naye, akapata hataza mwaka 1936 kwa mpangilio unaoweka herufi zinazotumika sana kwenye safu ya kati. Watu wachache wanautumia hadi leo. Kikwazo kilikuwa kile kile: kubadili mashine kulihitaji kiwanda, na kubadili watu kulihitaji shule.

Kwenye meza ya mjenzi wa kibodi leo

Sasa turudi kwa yule mtu mwenye programu dhibiti, maana yeye haihitaji Remington.

Chini ya vitufe vyake hakuna vijimkono. Kuna gridi ya nyaya, tuseme safu 5 na nguzo 14, ambazo kwa njia 19 tu za kwenye chipu zinatosha vitufe hadi 70. Chipu inaipitia gridi hiyo mara nyingi kwa sekunde, safu baada ya safu, ikiangalia ni wapi umeme umepita. Kila kitufe kina daiodi yake, ili vitufe vitatu vikibonyezwa pamoja visizue kitufe cha nne ambacho hakuna aliyekigusa. Kugongana kwa vyuma kumekwisha, ila kuna tatizo la kizazi chake: swichi ikifunga, vyuma vyake vinadunda kidogo, na chipu inaweza kudhani umebonyeza mara mbili. Tiba yake ni kuiambia programu isubiri milisekunde chache, tano kwa kawaida, kabla ya kuamini.

Programu inayotumiwa sana na wajenzi hawa inaitwa QMK. Mtu anaisakinisha kwenye kompyuta, anachagua bodi yake, anatengeneza faili lake la mpangilio, anaandika kitufe kwa kitufe anachotaka, anaamuru ligeuzwe kuwa lugha ya chipu, anaiweka kibodi katika hali ya kupokea, kisha anapakia. Kazi ya dakika chache. Asiyependa kuandika msimbo anatumia VIA, ambapo anabofya picha ya kitufe na kuchagua, bila kupakia upya kila mara. Mpangilio unaweza kuwa na matabaka: ukishikilia kitufe fulani, kibodi nzima inabadilika, herufi zinakuwa namba au mishale. Ni ile Shift ya 1878, imepewa nafasi zaidi.

Nilisema tutakutana tena na ile safu ya alfabeti. Kibodi haitumi herufi kwa kompyuta, inatuma namba. Katika kanuni za USB, A ni 4, B ni 5, C ni 6, na kuendelea mpaka Z ambayo ni 29. Juu ya meza herufi zimevurugwa jinsi Sholes alivyoziacha, lakini ndani ya waya zinasafiri kwa A-B-C, kama kwenye ile mashine yake ya piano.

Kwa anayeandika Kiswahili hapa pana kazi ya kufanya. Q na X hatuzitumii katika Kiswahili sanifu, na C inatufaa kwa sababu ya ch tu. A, ambayo ndiyo tunayoihitaji kuliko zote, ipo chini ya kidole kidogo cha kushoto. Andika neno ataandaa: herufi nane, na A ni tano kati yake, zote za kidole hicho kimoja. Sholes asilaumiwe, hakututarajia. Lakini mwenye programu dhibiti anaweza kuihamishia A kwenye kidole chenye nguvu. Anaweza pia kuiamuru Q itume n, g na alama ya ng' kwa pigo moja, akaandika ng'ombe na ng'ambo bila kuitafuta ile alama pembeni. Q yenyewe aiweke kwenye tabaka la pili, kwa siku atakayoandika jina la Qatar.

Atakayejaribu azingatie mambo mawili. Namba inayotumwa hutafsiriwa na kompyuta kwa kufuata lugha ya kibodi iliyochaguliwa kwenye mipangilio yake, kwa hiyo lugha hiyo ibaki Kiingereza cha Marekani, la sivyo ataona herufi asizozitarajia na kudhani amekosea kulehemu. Na kabla ya kufunga skrubu za mwisho, atenge kitufe kimoja, hata kama ni kwenye tabaka la mbali, kwa amri ya QK_BOOT, inayoirudisha kibodi katika hali ya kupokea programu. Akisahau, kwenye bodi nyingi atalazimika kuifungua kibodi yote ili afikie kitufe kidogo cha ndani kila atakapotaka kuhamisha herufi moja.